Maziwa au udongo: rangi ipi ipakwe sebuleni Dodoma?

Mdogo wangu anahamia nyumba yake ya Nzuguni mwisho wa mwezi. Marumaru zimeshawekwa, dari imeshapakwa, milango imefungwa. Kilichobaki ni rangi ya kuta za ndani, na fundi anasubiri jibu tu. Juzi usiku alinitumia picha ya kadi mbili za rangi alizoziegemeza kwenye dirisha la sebule. Moja ni rangi ya maziwa, weupe wenye unjano kwa mbali. Nyingine ni rangi ya udongo, wekundu wa kichuguu uliochanganyika na kahawia. Chini yake ameandika: "Dada, nitajie moja tu. Shemeji yako anataka maziwa, mimi nataka udongo, na fundi anasema yoyote sawa."

Nilimpigia simu nikamwuliza dirisha kubwa la sebule linatazama wapi. Akanyamaza kidogo. "Dada, mimi nakuuliza rangi, wewe unaniuliza dirisha?"

Nilimwuliza dirisha kwa sababu nimeishi na rangi zote mbili katika chumba kimoja. Sebule yetu ya Ilazo ilikuwa ya maziwa kwa miaka minne, kisha tukaipaka udongo, na huu ni mwaka wa tatu. Kuta ni zilezile, viti ni vilevile, watoto ni walewale ila wamerefuka. Kwa hiyo naweza kumwambia mtu kila rangi inakupa nini na inakudai nini katika mji huu wenye jua hili na vumbi hili, na kwa nini jibu la Nzuguni linaweza kuwa kosa kubwa nyumba ya tatu kutoka hapo.

Mwanga ndio wa kwanza

Nyuma ya kadi za kampuni nyingi za rangi kuna namba ndogo iliyotanguliwa na herufi LRV. Namba hiyo inaeleza ukuta utarudisha mwanga kiasi gani, kuanzia 0 ambayo ni weusi mtupu hadi 100 ambayo ni weupe kamili. Rangi ya maziwa kwa kawaida huwa kati ya 75 na 85. Udongo uliokoza huwa kati ya 20 na 30. Mwanga uleule ukiingia dirishani, ukuta wa maziwa unaurudisha chumbani sehemu kubwa, na ukuta wa udongo unameza kama robo tatu yake. Kile kidogo kilichorudi kikigonga ukuta wa pili, kinamezwa tena. Ndiyo maana kona iliyo mbali na dirisha, kwenye sebule ya udongo, huwa na giza kuliko ulivyodhani uliposhika kadi mkononi. Na ndiyo maana rangi hiyo, ikishazunguka kuta nne, huonekana imekoza zaidi ya kadi: kuta zinarushiana wekundu.

Kwa mtu wa mahali penye mawingu mwaka mzima, hesabu hiyo ingetosha kuchagua maziwa. Sisi tuko kwenye uwanda, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Mei hadi Novemba mbingu huwa wazi siku baada ya siku. Ukitoka nje saa saba mchana unakunja uso. Mchanga wa uani, ukuta wa jirani, bati lake, vyote vinarusha mwanga dirishani kwako. Katika ile miaka minne ya maziwa mapazia yetu yalikuwa yanafungwa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Mama mkwe wangu ana mtoto wa jicho, na akikaa sebuleni alikuwa anasema ukuta unamchoma. Tukafunga pazia, tukawasha taa mchana, tukaona ni kawaida.

Tulipopaka udongo alianza kufungua mapazia mwenyewe. Siku ya kwanza alikaa muda mrefu bila kusema kitu, kisha akasema pamekuwa kama ndani ya tembe ya mama yake. Tembe, kwa asiyeijua, ni nyumba ya asili ya Wagogo, ya miti na udongo, yenye paa bapa lililofunikwa udongo na matundu madogo ya mwanga. Waliozijenga walilijua jua hili kuliko wachoraji wa ramani za nyumba zetu. Ukiingia ndani ukitoka nje, macho yanapumzika kwanza. Hicho ndicho udongo ulichonipa, na nakithamini kuliko uzuri wake.

Sasa lile swali la dirisha. Dodoma iko nyuzi 6 kusini ya Ikweta, na jua la mchana halikai upande mmoja mwaka mzima. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba linapita kaskazini yetu. Miezi iliyobaki linapita kusini. Dirisha la kaskazini hupata jua la Juni na Julai, wakati wa baridi, na hulichukii jua hilo. La kusini hupata jua la Desemba. Lakini madirisha yanayobadilisha rangi hasa ni ya mashariki na magharibi. Sebule ya magharibi, saa kumi na moja jioni, hupokea jua lililopita kwenye vumbi la mji mzima, la rangi ya chungwa. Maziwa yanageuka siagi. Udongo unawaka kama tanuri la matofali, na kwa nusu saa hata nyuso za watu zinakuwa nyekundu. Wapo wanaoipenda nusu saa hiyo. Mimi ningekuwa na sebule ya magharibi ningeshuka ngazi mbili kwenye kadi, nichukue udongo uliopauka, au nibaki na maziwa. Sebule ya mashariki ndiyo inayoupokea udongo vizuri kuliko zote. Asubuhi ukuta una uhai, na mchana, watu wanaporudi wamechoshwa na jua, chumba kimeshatulia.

Halafu angalia baraza. Nyumba nyingi mpya za mitaa ya Kisasa, Ilazo na Iyumbu zina baraza pana mbele ya sebule, lenye nguzo na paa lililoshuka. Baraza linazuia joto, na wakati huohuo linakula mwanga kabla haujafika dirishani. Kama baraza lako lina upana wa mita mbili au zaidi na sebule ina dirisha hilo moja tu, usipake udongo kwenye kuta nne. Nimeiona nyumba ya aina hiyo: saa sita mchana, jua la kuanika mahindi liko nje, na ndani watu wanatafuta rimoti kwa tochi ya simu. Pale maziwa ndiyo jibu, bila mjadala.

Mdogo wangu ana madirisha mawili. Kubwa linatazama mashariki na halina baraza mbele yake. Aliponiambia hivyo nikajua yeye na udongo wake wana kesi nzuri.

Vumbi, mikono na vichwa

Mvua yetu ni kama milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ardhi iko wazi, na kuanzia Julai hadi Septemba upepo haumstahi mtu. Barabara nyingi za mitaani ni za vumbi, na kila upande kuna anayechimba msingi. Vumbi hilo, sehemu kubwa ya mji, lina wekundu.

Ukuta wa maziwa unaliandika lote. Juu ya skatingi, ule ukingo wa chini ya ukuta, kulikuwa na mstari wa rangi ya chai. Kuzunguka swichi, vidole. Nyuma ya sofa, pale vichwa vinapoegemea, madoa ya mafuta ya nywele yaliyoshika vumbi, matatu, kwa urefu tofauti, na ungeweza kumtaja mwenye kila doa. Chini ya dirisha, michirizi pale mvua ya kwanza ya Desemba ilipojaa kwenye reli ya aluminiamu, ikafurika ndani na tope lake. Nilifuta kila Jumamosi. Mwaka wa tatu ukuta ulikuwa na viraka: palipofutwa na pasipofutwa. Nilikuwa nachoka na ukuta kuliko na kazi.

Udongo unaficha vumbi hili kwa sababu asili yao ni moja. Wekundu wa ardhi yetu unatokana na oksidi ya chuma, na rangi za udongo dukani hupata wekundu wao kwa oksidi hiyohiyo, iwe ya kuchimbwa au ya kiwandani. Oksidi ya chuma ina sifa nyingine ambayo wauzaji hawaitaji: jua haliipaushi. Nyekundu nyingi zinazong'aa, waridi na zambarau hufifia kwenye ukuta unaopigwa na jua la dirishani. Ya udongo hubaki vilevile. Ukitaka kuliona hilo, nenda Kolo, wilayani Kondoa, kwenye michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Michoro ya zamani zaidi, ya watu wembamba na wanyama, ni ya wekundu wa udongo, na bado inasomeka baada ya vizazi na vizazi. Ile ya weupe ni ya baadaye, na mistari yake ni minene zaidi. Nilisimama pale na wanangu nikiwa bado na maziwa sebuleni, na nadhani uamuzi wangu ulianzia hapo.

Lakini udongo nao una aibu zake, na shemeji yangu ana haki ya kuzisikia. Rangi iliyokoza huonyesha kila mkwaruzo, na mkwaruzo wake ni mweupe. Mgongo wa kiti ukisugua ukuta kwa wiki moja, unapata mstari kama wa chaki. Unga wa ugali ukipeperuka, poda ya mtoto, chokaa ya dari fundi akitoboa kufunga feni, vyote vinaonekana. Na ukinunua ya mati, ile isiyong'aa kabisa, kila unaposugua kwa kitambaa panabaki mng'ao mahali hapo, na mng'ao huo haufutiki. Tulijifunza hivyo karibu na mlango wa korido, ambapo mwanangu wa mwisho anapita akiburuza mkono ukutani kila siku ya Mungu.

Kwa hiyo aina ya rangi ni muhimu sawa na rangi yenyewe. Maziwa yachukue yakiwa silki, yenye mng'ao kidogo, kwa sababu utayafuta sana na silki huvumilia kitambaa chenye maji na sabuni. Udongo ni mgumu zaidi kuamua. Silki itafutika, lakini mng'ao juu ya rangi iliyokoza unaanika kila wimbi la plasta, hasa ukuta ulio kando ya dirisha, ambao mwanga unauparaza. Kama skimingi yako, lile tabaka laini la juu ya plasta, ni nzuri, imepigwa msasa mpaka mkono unateleza, weka silki. Kama ni ya wasiwasi, weka ya mng'ao hafifu zaidi, iliyo kati ya mati na silki, na usogeze viti viwe mbali na ukuta kwa upana wa kiganja.

Chumvi

Hili hakuna aliyetuambia, na ndilo nililomsisitizia mdogo wangu kuliko yote. Miezi miwili baada ya kupaka udongo, mvua zilipoanza, sehemu ya chini ya ukuta wa nyuma ilianza kutoa unga mweupe. Kwanza kama alama za maji, kisha kama ramani. Fundi wetu alipoitwa alisema tumemwagia maji ukutani. Hatukumwagia kitu. Ilikuwa chumvi. Unyevu hupanda kutoka msingini, unayeyusha chumvi zilizomo kwenye mchanga, matofali na maji yaliyojengea, ukifika usoni mwa ukuta maji yanakauka na chumvi inabaki. Kuta za maziwa zilikuwa na chumvi hiyohiyo miaka yote minne. Nilikuwa naona rangi inabanduka kidogo chini nikidhani ni uzee.

Hapa ulinganisho hauna ugumu wowote: ukuta unaotoa chumvi ukipakwa maziwa unakusitiri, ukipakwa udongo unakuumbua. Lakini kusitiriwa si kupona. Kabla ya kuchagua, bandika kipande cha nailoni ukutani, karibu na sakafu, kama nusu mita kwa nusu mita, ukizibe pande zote kwa utepe wa gundi. Kiache siku mbili. Ukikuta matone nyuma ya nailoni, ukuta una maji na hauko tayari kwa rangi yoyote. Tafuta chanzo: udongo wa nje uliopanda juu kuliko sakafu ya ndani, maji ya bati yanayomwagikia msingi, bomba linalovuja. Chumvi yenyewe isuguliwe kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani.

Plasta mpya nayo inahitaji muda, walau wiki nne, kabla ya rangi. Saruji mbichi ni kali, ina alkali, na alkali hiyo huweza kuunguza rangi ikatoka mabaka. Praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia, ya kuzuia alkali husaidia. Kwenye maziwa mabaka hayo ni hafifu. Kwenye udongo unaona kama mtu amemwaga magadi.

Joto

Shemeji anasema udongo utaongeza joto ndani. Nimelisikia kwa watu wengi, na nadhani linatokana na kuta za nje, ambako ni kweli kabisa: ukuta wa nje uliokoza, unaopigwa na jua mchana kutwa, hubeba joto. Paka nje rangi nyepesi. Ndani, joto la sebule linatoka kwenye bati, kwenye dari isiyo na nafasi ya hewa, kwenye vioo na kuta za nje. Rangi ya ukuta wa ndani usioguswa na jua moja kwa moja haina mchango wa kuhisika. Unachoweza kulipia zaidi kwenye udongo ni taa, kwa sababu utawasha saa kumi na mbili kasoro badala ya saa kumi na mbili na nusu.

Ndoo, galoni na mikono

Chukua sebule ya mita 4 kwa 5, yenye kimo cha mita 3. Mzunguko wake ni mita 18, ukizidisha kwa 3 unapata mita za mraba 54. Toa madirisha, mlango na uwazi wa korido, tuseme 9, zinabaki 45. Lita moja ya emalsheni nzuri, yaani rangi ya maji, hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja, ukuta ukiwa laini na una praima. Piga kwa 10. Mikono miwili ya maziwa ni lita 9, yaani galoni tatu za lita 4, na baki ya kurekebishia. Udongo mara nyingi hudai mkono wa tatu ili mistari ya rola ipotee, na hapo unafika lita 13 na nusu, galoni nne.

Kwa nini? Weupe wa rangi unatokana na dioksidi ya titani, na unga huo ndio unaofunika kilicho chini. Makopo ya kutengenezea rangi zilizokoza, wauzaji huyaita besi ya giza, huwa na unga huo kidogo mno, na kazi ya kufunika inaachiwa ile rangi inayotiwa kwa mashine. Bahati nzuri oksidi ya chuma hufunika vizuri, kwa hiyo udongo hauna shida ya nyekundu kali zinazodai mikono minne. Ila mashine ya duka moja na ya duka lingine hazilingani kikamilifu. Nunua galoni zote siku moja, zimiminwe kwenye ndoo moja kubwa na zikorogwe pamoja kabla brashi haijagusa ukuta. Kwenye maziwa tofauti ya kopo na kopo haionekani. Kwenye udongo inaonekana ukiwa umekaa kwenye kiti.

Hewa yetu kavu nayo ina neno lake. Rangi ya maji Dodoma inakauka upesi mno, na pale fundi anapoacha nusu ya ukuta akaenda kunywa chai, mwungano unabaki kama kovu. Mwambie ukuta wa udongo uanzwe na kumalizwa bila kusimama, watu wawili, mmoja brashi pembeni, mwingine rola nyuma yake, asubuhi kabla upepo haujaanza. Na simama uone anaongeza maji kiasi gani. Rangi iliyozidishiwa maji inafika mbali ndani ya ndoo na haifiki popote ukutani.

Kuna tofauti moja kati ya rangi hizi ambayo ingepaswa kumshughulisha mwenye wasiwasi na mpangaji. Kutoka maziwa kwenda udongo ni kazi ya siku mbili. Kutoka udongo kurudi maziwa unahitaji msasa, praima nyeupe, kisha mikono miwili hadi mitatu, na bado nyuma ya swichi utaona wekundu. Asiye na uhakika aanze na maziwa. Mpangaji vilevile, labda mwenye nyumba awe ameridhia kwa maandishi.

Usiku

Maboksi ya taa yana namba, 3000K, 4000K, 6500K. Ya 6500K, mwanga mweupe wenye ubluu, ndiyo imejaa madukani. Chini yake maziwa yanakuwa kama ukuta wa zahanati, na udongo unakufa kabisa, unageuka kahawia ya kahawa iliyopoa. Ukiweka 3000K, mwanga wa njano, udongo unarudi kuwa udongo na maziwa yanakuwa laini. Ukichagua udongo, hesabu taa mpya kwenye bajeti. Tulikaa wiki mbili tukijilaumu kwa rangi, kumbe kosa lilikuwa juu ya vichwa vyetu.

Viti na kuta ngapi

Sofa la kahawia mbele ya ukuta wa udongo linapotea, unaona mito tu. Mbele ya maziwa linasimama. La kijivu, la krimu au la kijani hupendeza na udongo. Mapazia ya damu ya mzee yaondoe. Pamoja na udongo chumba kinakuwa kizito. Dari iache nyeupe vyovyote iwavyo.

Ukitaka zote mbili, kuna jambo moja la kukumbuka. Ukuta wenye dirisha haupati mwanga wa dirisha lake, unaona mgongo wake tu. Ukiupaka udongo utaonekana mweusi kando ya kioo kinachong'aa, na macho yatachoka. Huo uwe wa maziwa. Udongo upeleke kwenye ukuta unaotazamana na dirisha na kuta za pembeni. Vyumba vingine sina maneno mengi: korido maziwa, jiko maziwa, chumba cha kulala cha wakubwa udongo kama madirisha yanaruhusu, na cha watoto waachieni watoto, chini ya urefu wa mita moja muweke inayofutika.

Kwa hiyo mdogo wangu nimemwambia hivi: kuta tatu za udongo, ngazi moja chini ya kadi aliyoichagua, ukuta wa dirisha maziwa, silki kote, maana skimingi yake nimeishika kwa mkono wangu na ni nzuri, nailoni kwanza siku mbili. Na kabla ya galoni hata moja, anunue kopo la lita moja la kila rangi, apake vipande viwili vya jipsamu vilivyobaki darini, mikono miwili, akiacha ukingo mweupe pembeni. Avihamishe ukuta hadi ukuta. Avitazame saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni, na usiku kwa taa atakazotumia.

Jana jioni amenitumia picha. Nailoni iko chini ya dirisha, kavu. Kipande cha udongo kimeegemea ukuta wa magharibi, unaotazamana na dirisha, cha maziwa kiko kando ya kioo, na shemeji amekaa katikati juu ya ndoo tupu, mikono magotini, anaangalia. Chini ameandika: "Mchana amesema maziwa. Saa hizi hasemi kitu. Tunasubiri taa."